Mafuta yanayochemka kwenye mpando wa Ngomo

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumbani mnaofungua ukurasa huu kabla ya bwana kurudi kutoka kazini, safari hii hatusemi juu ya kofia ngumu, wala juu ya mavumbi ya mawe. Tunasema juu ya lile gari dogo linalolala kwenye lupango yako, lile ulilolirithi kwa baba au ulilolinunua kwa mzee mmoja wa Nguba: Volkswagen Coccinelle. Tunajua ya kwamba zimebaki chache hapa Bukavu. Lakini wanaozipenda wanazipenda kwelikweli, na siku hizi wengi wao wameshikwa na mawazo moja. Wanataka kuongeza radiatere ya mafuta.

Wewe unajua kisa. Gari linatoka Uvira, ambako Ziwa Tanganyika liko kwenye urefu wa meta 770 na kitu tu. Linapita Kamanyola, kisha linaanza kupanda Ngomo kurudi Bukavu, ambako tuko karibu meta 1,500. Motere inalia. Nyuma kunanuka mafuta ya moto. Ukifika nyumbani hauwezi kugusa kifuniko cha nyuma. Kesho yake kijana wa garaji anakuambia: «Baba, hii gari inakosa radiatere. Mimi nitakutilia ingine ya kando, na tiyo mbili, kazi ya saa mbili tu.» Unafurahi. Unalipa.

Mwenzetu mmoja wa Bagira alifurahi hivyo. Jina lake sitalitaja, yeye mwenyewe anajijua, na ameniruhusu kusimulia. Siku ile ya Jumapili alikuwa na watoto wawili nyuma, pamoja na koko yao. Katikati ya mpando taa ya mafuta ikawaka. Yeye akasema moyoni: bado kidogo, tumekaribia juu. Nyuma yake tiyo ya radiatere mpya, iliyopitishwa karibu na bomba la moshi na kufungwa kwa waya, ilikuwa imekwisha kuyeyuka. Mafuta yakamwagika juu ya chuma cha moto. Moshi ukaingia ndani. Akasimama, akawatoa watoto, akamtoa koko. Kisha akarudi kufungua kifuniko kwa mkono, na moto ukamrukia. Watu wema wakakimbia na maji katika ndoo. Walipomwaga, moto ukaruka mweupe, mkali kama wa kulehemu chuma, na wote wakatawanyika.

Watu wote walipona. Gari halikubakia kitu. Mkono wa mwenzetu ulipakwa dawa ya meno na mama mmoja wa njiani, kwa nia njema, na kidonda chake kilimweka nje ya kazi kwa majuma sita.

Sasa utaniuliza: je, radiatere ya mafuta ni kitu kibaya? Hapana, ndugu. Kila motere kubwa ya mazutu katika kampani yetu iko nayo. Kompresere ya hewa iko nayo. Kibaya ni kuitia kwenye motere bila kujua sababu ya joto, na kuitia kwa namna ambayo msimamizi wako kazini hangekubali hata kwa dakika moja.

Tuanze na sababu, maana hapo ndipo pesa nyingi zinapotea.

Coccinelle haina maji. Inapozwa na upepo wa feni, na inapozwa na mafuta yake. Mafuta hayo ni litri 2.5 tu, kidogo kuliko katika magari mengi. Tena feni inazungushwa na mkanda uleule unaozungusha dinamo. Kwa sababu hiyo taa ya dinamo katika Coccinelle si kama katika gari lingine. Katika gari lingine taa hiyo ikiwaka unaweza kujikokota mpaka garaji. Katika hili, pengine mkanda umekatika na feni imesimama. Simama palepale, pembeni ya njia, na uzime motere. Usingojee mlima uishe.

Tena fikiri juu ya hewa yetu. Kwenye urefu wa Bukavu hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, karibu sehemu moja katika saba imepungua. Feni inasukuma upepo ule ule kwa macho, lakini ndani yake kuna hewa kidogo ya kubeba joto. Kwa hiyo kila tundu, kila bati lililopotea, linatuumiza sisi kuliko linavyomuumiza mtu wa Mombasa.

Na hayo mabati! Hapo ndipo nakasirika. Watu wa kiwanda hawakuweka mabati yale kuzunguka silinda ili kupamba. Ndiyo njia ya upepo. Wengine wanayatoa ili motere «ipumue», wengine wanauza, wengine wanasahau kuyarudisha baada ya kutengeneza. Kisha mpira unaozunguka motere, ule unaotenga hewa baridi ya juu na hewa ya moto ya chini, umekauka na kukatika, na motere inavuta joto lake yenyewe. Hata vile vifuniko vidogo vya mpira kwenye nyaya za bujia vikikosekana, upepo unatorokea pale. Gari la namna hiyo, hata ukilitilia radiatere tatu, litachemka.

Angalia basi, kabla ya kutoa franki moja: mabati yote yako mahali pake? Mkanda umekazwa vizuri, unabonyea kidogo tu chini ya kidole gumba, kama sentimeta moja na nusu? Feni na mapezi ya silinda yamejaa udongo na mafuta yaliyoganda? Alimashi imepangwa sawa, au kijana ameipanga kwa sikio? Valvu zimepimwa? Mafuta yamebadilishwa lini? Motere hii haikutoka kiwandani na chujio ya karatasi kama magari ya sasa. Ina wavu tu chini yake. Kwa mavumbi ya njia ya Walungu na ya Mwenga, mimi sitaki kusikia mtu anayengoja zaidi ya kilometa 5,000.

Kuna tena kosa la shofere. Wengi wanapanda Ngomo na vitesi ya tatu, motere ikilia kwa uchungu, wakifikiri wanaihurumia. Hapana! Motere ikizunguka polepole, feni nayo inazunguka polepole, na moto unabaki ndani. Shuka kwenye vitesi ya pili mapema, acha izunguke kwa urahisi, upande kwa mwendo wa hekima. Wenye malori watakupita. Waache wapite.

Ukiisha kufanya hayo yote na mafuta bado yanachemka, ndipo tuzungumze juu ya radiatere.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Coccinelle tayari ina radiatere ya mafuta. Iko ndani ya sanduku la feni, upande wa kushoto. Katika magari ya zamani imesimama katikati ya upepo, na hewa iliyokwisha kupashwa moto na mafuta ndiyo inayoshuka kupoza silinda ya tatu na ya nne. Ndiyo sababu silinda ya tatu ilikuwa ikiunguza valvu mbele ya wenzake, na mafundi wa zamani walilijua jambo hilo kama wanavyojua jina lao. Kiwanda chenyewe kilikubali kosa. Kuanzia magari ya mwaka 1971, radiatere ilihamishwa nyuma ya sanduku, ikapewa nyumba yake ndogo na njia yake ya kutoa hewa ya moto nje, na feni ikafanywa pana zaidi.

Basi maoni yangu ni haya, na najua kijana wa garaji hatayapenda: kwa mtu wa Bukavu mwenye gari la zamani, heri kutafuta sanduku lile la feni la 1971 na baadaye, kamili, pamoja na feni yake pana, radiatere yake na mabati yake yote, kuliko kuning'iniza radiatere ngeni chini ya gari. Hakuna tiyo ndefu. Hakuna kitu cha kugongwa na mawe. Hakuna cha kuyeyuka juu ya bomba la moshi. Kazi ni kubwa zaidi, ndiyo, maana mara nyingi motere inatolewa. Lakini motere ile inashikwa na buloni nne, na mafundi wetu wanaitoa kila siku.

Uangalie kitu kimoja tu. Kati ya radiatere na motere kuna mipira miwili midogo ya kuzuia mafuta. Tundu za motere za zamani ni za milimita 8, za baadaye ni za milimita 10, na kuna mipira ya aina ya tatu kwa kuunganisha ya zamani na mpya. Ukitia isiyofaa, haitavuja leo. Itavuja siku ya Ngomo. Mpira wa bei ndogo kama sigara mbili unaweza kuua motere nzima. Tena, ununue kwa macho. Coccinelle ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, huko Mexico, tarehe 30 Julai 2003, baada ya gari zaidi ya milioni 21 za aina hiyo kuundwa duniani. Vipande vingi vinavyouzwa leo ni vya kuigiza, vingine vizuri, vingine havina thamani ya usafiri wake.

Na kama umekwisha kuamua, unataka radiatere ya kando hata hivyo? Sawa, wewe ndiwe mwenye gari. Lakini ifanye kama kazi ya kampani.

Tiyo iwe ya mafuta ya moto na ya nguvu, yenye nyuzi ndani, si tiyo ya maji wala ya esanse. Asubuhi mafuta yakiwa mazito, pompi inayasukuma kwa nguvu kubwa. Tiyo ya bustani inavimba kama nyoka aliyemeza panya. Mwisho wa tiyo ufungwe kwa kiungo kilichobanwa na mashini, au kwa kolie nzuri. Waya, kamwe. Tiyo ipite mbali na bomba la moshi na mbali na visanduku vya joto. Ikipita katika tundu la bati, tundu lile livalishwe mpira, maana bati linalotetemeka ni msumeno. Acha ulegevu kidogo: motere inacheza juu ya mipira yake, na tiyo iliyokazwa kama kamba ya gitaa itang'oka. Radiatere yenyewe ikae penye hewa baridi, juu ya kutosha isipigwe na mawe. Usiifunge juu ya bomba la moshi, kama nilivyoona kwa macho yangu kule Kadutu. Huko ni kupika mafuta, si kuyapoza.

Tena itiliwe termosta. Utasema: tunataka baridi, termosta ya nini? Ndugu, asubuhi ya Bukavu unavaa koti. Mafuta yasiyofikia nyuzi 80 hivi hayafukuzi maji yanayozaliwa ndani ya motere. Yanageuka kama maziwa na kula chuma. Mtu anayezunguka tu kutoka Nyawera hadi sokoni na radiatere kubwa isiyo na termosta anaiua motere yake kwa baridi, pole pole, na hajui.

Sasa nisikilizeni vizuri juu ya moto wenyewe, maana hapa ndipo mwenzetu wa Bagira alikaribia kufa.

Sanduku la chini la motere za Coccinelle nyingi si la chuma, wala si la aluminiamu tupu. Ni la magnesiamu iliyochanganywa. Ni nyepesi, na ndiyo sababu walilichagua. Lakini magnesiamu ikishika moto inawaka mweupe, na maji hayaizimi. Maji yanailisha: inayavunja na kutoa hewa ya haidrojeni, nayo inawaka. Ndiyo ule moto ulioruka Ngomo. Kwa hiyo, moto ukianza nyuma ya gari, toa watu kwanza, wote, na uwapeleke mbali upande wa juu ya njia. Kizima moto cha unga, kile kidogo, kikae mbele karibu na mguu wako, kisikae nyuma. Usifungue kifuniko wazi, kwa sababu unaupa moto hewa. Inua kidogo tu, ingiza mdomo wa kizima moto, piga unga. Hii ni kwa dakika ya kwanza, wakati yanayowaka ni mafuta na esanse tu. Ukiona mwanga mweupe unaoumiza macho, acha gari. Mchanga mkavu kama upo, mwage kutoka mbali. Maji, hapana. Gari si mtoto wako.

Na angalia tena chini ya kiti cha nyuma. Batri ya Coccinelle iko pale, chini ya makalio ya watoto. Ikiwa umetia batri ndefu kuliko ile ya asili, au kifuniko chake kimepotea, siku moja mtu mnene ataketi, chemchemi za kiti zitagusa vichwa vya batri, na majani yaliyo ndani ya kiti yatawaka. Mama, jambo hili unaweza kulitazama wewe mwenyewe leo: inua kiti, uone kama batri imefunikwa. Na ukiona gari linanuka mafuta au moshi ndani wakati bwana amefungua joto asubuhi, mwambie asimame na afungue madirisha. Joto la gari hili linatoka kwenye bomba la moshi, na bomba likipasuka, moshi wenye sumu unaingia bila kelele.

Mtu akiungua: maji safi ya baridi juu ya kidonda, dakika ishirini, bila haraka. Kisha kitambaa safi, kisha mganga. Dawa ya meno, mafuta ya mawese, unga, mavi ya ng'ombe, vyote viacheni.

Nimesema ifanyike kama kazi ya kampani. Kazini, mtu anayeingia chini ya mashini bila kuifunga na bila miguu ya chuma anafukuzwa siku hiyo hiyo. Lakini mtu yuleyule siku ya Jumamosi analala chini ya gari lililoinuliwa kwa kriki moja juu ya tofali, kwenye mteremko wa Bukavu, ambako hata sufuria haikai sawa! Tofali linapasuka bila kukuambia. Tumia miguu ya chuma au vipande vya mti mgumu na mpana, zuia magurudumu kwa mawe, toa waya wa batri, ngojea mafuta yapoe kabla ya kufungua. Na mafuta machafu usiyapake mikononi kutoa kutu, usiyamwage katika mto Kawa ambao unayapeleka moja kwa moja ziwani. Mafuta ya motere yaliyotumika yakikaa kwenye ngozi kila siku kwa miaka, yanaleta hata kansa.

Mimi naona kampani ingeweza kusaidia. Shimo la garaji letu linakaa tupu kila Jumamosi mchana. Kwa nini lisifunguliwe kwa saa nne, kwa wafanyakazi wenye magari yao, mbele ya msimamizi mmoja? Nimekwisha kusikia jibu: vifaa vitapotea, mafuta yataibwa. Vizuri, basi kila kle iandikwe katika daftari, na anayepoteza akatwe mshahara. Hesabu majuma sita ya mwenzetu wa Bagira, na ya yule aliyechukua nafasi yake. Kle ngapi zingenunuliwa? Halmashauri ya usalama inapokea barua za wafanyakazi. Nami yangu nimekwisha kuipeleka. Peleka na yako.

Ukimaliza kazi, kwa shimo la kampani au kwa lupango yako, usikimbilie Uvira. Washa motere, tandaza karatasi ngumu nyeupe chini yake, ngojea dakika kumi. Tone moja likianguka, zima, tafuta linatoka wapi. Kisha zunguka Ibanda, panda mpaka Kadutu, rudi, tandaza karatasi tena, na ukaze kolie zote motere ikiwa imepoa. Rudia baada ya kilometa mia moja. Mwenzetu wa Bagira amepata gari lingine, la 1973, na sanduku la feni la namna niliyosema. Jumapili iliyopita nilipita kwake. Karatasi ilikuwa chini ya gari, na juu yake matone matatu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mti, mkono wake wenye kovu juu ya goti, akingojea kuona kama litaanguka la nne, na watoto wamekwisha kuvaa viatu vya safari. Alipoliona, akawaambia wavue.